Ones wa Kwenye Simu

Jumamosi, 6 Juni

Shule imefungwa. Bahasha ya ripoti sijaifungua na sina haraka nayo. Kuna jambo kubwa zaidi.

Byarugaba anakwenda Goziba likizo hii, tarehe ishirini na moja, kwa mjomba wake Nathanieli mwenye mitumbwi ya dagaa. Wiki nzima kisiwani! Kulala kambini, kula sangara mpaka uchoke mwenyewe, hakuna mtu wa kukutuma maji. Mjomba amemruhusu aje na rafiki mmoja. Mmoja tu. Byarugaba ametangaza kwenye kundi kwamba jina atalitaja akiwa tayari.

Jina hilo ni langu. Tumekaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Aliwahi kunitapikia kiatu na sikumwambia mwalimu. Kama huo si urafiki, basi sijui urafiki ni kitu gani.

Tatizo ni Riyadhi. Amehamia kwetu Januari akitokea Mwanza, ana simu ya kamera tatu, na kila picha anayoweka watu wanaimiminia mioyo. Jana aliweka picha amesimama na baiskeli. Byarugaba akaweka moyo. Baiskeli yenyewe ni ya Byarugaba! Nami nikaweka stetasi yangu nikiwa na baiskeli ya jirani. Walioitazama ni wanne, na mmoja wao ni mama yangu.

Ieleweke hapa kwamba kundi letu la WhatsApp, Vigogo wa Kidato cha Tatu, lina sheria. Byarugaba ndiye admin. Anayekaa kimya wiki nzima anaitwa mzimu na anatolewa. Alistidia alitolewa akiwa kalazwa na malaria. Watu walinung'unika, lakini sheria ni sheria. Isitoshe, niliyeileta ni mimi.

Kwa hiyo mkakati ni huu: kuandika mengi, kucheka kwa kila anachosema Byarugaba, na kumchokoza Riyadhi kila akitoa kichwa.

Jioni. Balaa. Mama amesema Jumanne naenda Ijumbi kwa Babu na Bibi kuchuma kahawa. Wiki mbili kasoro. Ijumbi kwa Babu hakuna mtandao. Ukitaka kupiga simu unapanda mlimani kwenye majani marefu, unasimama juu ya jiwe na kuelekeza uso ziwani. Nimemweleza Mama kwamba nitakuwa mzimu. Akasema hata mizimu huchuma kahawa.

Jumatatu, 8 Juni

Nimepata jibu. Sijui kwa nini watu hawaniiti mwenye akili.

Mimi nitakwenda Ijumbi. Simu itabaki hapa nyumbani Kahororo, Bukoba. Mdogo wangu Celina atakuwa ananiandikia kwa jina langu, na hakuna atakayejua kwamba sipo. Mwili kwa Bibi, roho kwenye kundi.

Celina ana miaka kumi na mitatu na ana tamaa ya mtu mzima. Anataka niwe naosha vyombo zamu yake na yangu mpaka Krismasi, na nisimwite tena Kisoda mbele ya watu. Nimekubali. Krismasi iko mbali, nitajua la kufanya.

Nimemfundisha jioni nzima jinsi ya kuwa mimi. Byarugaba akiandika lolote, cheka. Riyadhi akiandika lolote, muulize kama huko Mwanza hawafundishwi. Usimuombe mtu radhi hata siku moja. Usimuulize mtu hali yake, maana akianza kukueleza matatizo yake bando litaisha. Celina alikuwa anaitikia kila neno kwa adabu. Sikuipenda adabu ile.

Jumatano, 10 Juni

Ijumbi. Mgongo hauna kauli.

Bibi Verdiana ana macho ya kuona buni mbichi ndani ya kikapu kilichofunikwa. Nilichuma haraka ili nimalize, nikachanganya nyekundu na kijani. Akamwaga kikapu chote juu ya mkeka, akaniambia nichambue moja moja. Mae! Huku nawaza Riyadhi anaandika nini saa hizi.

Lakini leo nimeona kitu. Tulikuwa tumekaa nje, akaja Mzee Protase, jirani. Hakubisha hodi. Aliingia ndani, akatoka na redio ya Babu, akaondoka nayo. Babu alikuwa anasikiliza taarifa ya habari! Na hawa wazee wana ugomvi wa mbuzi tangu Pasaka, wakikutana kanisani kila mmoja anatazama upande wake.

Nikamuuliza Babu kwa nini amemwacha. Akajibu kwa hasira kwamba angefanya nini, wakati yule ni mukago wake. Walifungana urafiki wakiwa vijana. Punje moja ya akamwani, ile kahawa ya kutafuna tunayomkaribishia mgeni, ina mbegu mbili ndani. Unaipasua, wewe unatafuna mbegu moja na mwenzako ya pili. Zamani ilipakwa damu pia, sasa damu imeachwa kwa ajili ya maradhi. Ukishatafuna basi. Mwenzako akikuomba kitu huwezi kumkatalia. Ukimkatalia au ukimgeuka, tumbo linavimba.

Nikamuuliza mara mbili ili nihakikishe. Hawezi kukataa? Hawezi. Kitu chochote? Babu akatazama pale redio ilipokuwa, akasema chochote.

Sikuweza kula vizuri. Bibi alidhani naumwa. Kumbe ni furaha. Hakuna meseji duniani inayomfunga mtu kiasi hicho, wala Riyadhi hana kamera ya kushindana na kitu kama hiki. Namleta Byarugaba hapa, tunatafuna, kisha namuomba Goziba.

Ijumaa, 12 Juni

Nimeazima kitochi cha Bibi, simu yake ya vitufe, na kupanda mlimani. Jiweni palikuwa na foleni. Mama mmoja alikuwa anagombana na mtu wa Muleba mjini kuhusu mchele wa harusi, nikasikiliza ugomvi wote mpaka mwisho. Mchele ulikuwa na mawe.

Zamu yangu ilipofika nikampigia Celina. Anasema mambo ni mazuri sana. Anasema napendwa. Nilimuuliza napendwa na nani, akasema na watu wote. Stetasi yangu ya jana imetazamwa na watu hamsini na wawili. Alistidia amerudishwa kwenye kundi, kwa kuwa mimi nilimwombea. Mimi!

Nikamwambia aache kuharibu kazi. Nikamuuliza kuhusu Riyadhi, kama anamchokoza ipasavyo. Akasema kwamba kwa kweli nilishamuomba radhi Riyadhi tangu Jumanne. Nilikaribia kudondoka kutoka kwenye jiwe.

Sikuwa na muda wa kugomba, vocha ya Bibi ilikuwa inaisha. Nikamwamuru amwandikie Byarugaba aje Ijumbi Jumapili, ana kwa ana, jambo muhimu. Celina akaanza habari za mama yake Byarugaba, sijui nini na nini. Nikamkatiza. Nilimwambia mimi nashughulika na mambo ya maana. Akasema bojo, tafadhali, nisikilize kidogo tu. Simu ikakata.

Basi. Mengine nitayasikia baadaye.

Jumapili, 14 Juni

Naandika nikiwa nimejifungia stoo ya kahawa. Sitaki kuonekana na mtu.

Nianze asubuhi. Misa ya kwanza tulikwenda, nikarudi mbio. Nikaiba akamwani kwenye kikapu kidogo cha Bibi cha wageni. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya uso mbele ya dirisha: uso wa mtu mwenye moyo mzito.

Wakafika na bodaboda. Nasema wakafika, kwa kuwa walikuwa wawili. Byarugaba na Riyadhi! Riyadhi akanikumbatia, akanishukuru kwa maneno niliyomwandikia, akasema hakuna mtu aliyewahi kumkaribisha Bukoba namna ile. Sikujua niliandika nini, ikabidi nimpigepige mgongoni. Halafu akamwamkia Bibi kwa Kihaya. Amejifunza lini? Akavua viatu, akachukua kikapu, akaanza kuchuma. Nyekundu tupu. Bibi akamwita mwanangu. Mimi mjukuu wake huniita wewe.

Nikamvuta Byarugaba katikati ya kibanja, nyuma ya migomba, ambako Babu hatatuona. Nikamwambia nataka tufanye mukago. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliniuliza kama najua hilo si jambo la mchezo, maana babu yake alikuwa na mukago Karagwe na siku alipokufa yule mtu alitembea kwa miguu kuja kuzika. Nikasema najua. Akasema basi sawa, kwa jinsi nilivyokuwa kwake wiki hii, yuko tayari.

Punje ya kwanza nikaipasua. Mbegu moja tu ndani, ya mviringo, imekaa peke yake! Ya pili ilikuwa na mdudu. Ya tatu ikatoa mbili. Tukatafuna. Chungu kweli, lakini niliimeza na maganda yake ili pasiwe na ubishi.

Sikungoja hata aimalize ya kwake. Nikamwambia: mukago wangu, nakuomba uniteue mimi kwenda Goziba.

Akatabasamu. Akasema mbona alikwisha kuniteua tangu Alhamisi, alikuwa amekuja kuniambia. Alisema asingemchukua mtu mwingine, baada ya mimi kumuulizia mama yake kila jioni.

Na mimi nikauliza: mama yupi?

Nikiwa nimekaa hapa stoo bado nalisikia neno lile. Mama yupi. Kuku walikuwa wanaparua majani, Bibi alikuwa anacheka mbali na Riyadhi, na Byarugaba akanitazama kana kwamba hajawahi kuniona. Akaniambia taratibu kwamba mama yake amelazwa hospitali tangu Jumatatu, amefanyiwa upasuaji wa tumbo. Kwamba Jumatano, hofu ilipokuwa kubwa, nilikaa naye kwenye simu tukiandikiana mpaka akapata usingizi. Kwamba nilimwambia nimemwombea rozari.

Ningeweza kusema nilijisahau. Nilifikiria. Lakini uso wangu haukuwa na mazoezi ya jambo hilo. Nikamwambia ni Celina.

Niliona aibu. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma. Mama yule amenipa uji na mihogo tangu sina meno ya mbele. Alikuwa anakatwa tumbo, nami nilikuwa nahesabu mioyo ya Riyadhi. Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamuuliza sasa anaendeleaje. Akasema Ones wa kwenye simu anajua.

Kisha akasema jambo moja, bila kupandisha sauti. Alisema kwamba mukago ni wa pande mbili, yeye amenipa nilichoomba, na sasa ni zamu yake kuomba, na mimi siwezi kumkatalia. Anaomba nafasi yangu ya Goziba nimwachie Riyadhi.

Babu hakuniambia kuhusu pande mbili! Au aliniambia. Sikumbuki vizuri.

Nikaitoa. Ningefanyaje? Tumbo lilikuwa limeanza kunguruma.

Jumatatu, 15 Juni

Nimepanda mlimani. Celina anajua yote, kundi lote linajua yote. Walikuwa wanataka kunitoa. Aliyenitetea ni Riyadhi, jambo linaloniudhi kuliko mengine yote. Wakapiga kura. Uamuzi ni huu: namba yangu ibaki kwenye kundi, lakini anayeandika awe Celina.

Nilimuuliza Celina kama hata mmoja alipinga. Akasema Alistidia alisita kidogo, kumbe alikuwa anatafuta chaja.

Nikarudi kuchuma kahawa. Mzee Protase ameirudisha redio ikiwa haina betri. Babu ameipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, na alipoondoka akamtukana kwa Kihaya mpaka Bibi akamwambia waitu, jamani, inatosha. Nilimuuliza Babu kama mukago unaweza kufutwa. Akasema angekuwa anajua njia, angekuwa na redio yenye betri.

Ijumaa, 19 Juni

Siku ya mwisho hapa. Nimechuma vikapu viwili bila kijani hata moja. Bibi amevikagua vyote. Ameniuliza tu yule kijana wa Mwanza atarudi lini.

Jumamosi, 20 Juni

Kahororo. Nimeosha vyombo vya mchana, vya Celina na vyangu. Yeye alikuwa kibarazani na simu yangu, anacheka. Sikuuliza anacheka nini, ila nilipita pale mara kadhaa.

Jioni Byarugaba akaja. Peke yake! Hakutaka kuingia ndani, tukasimama nyuma ya nyumba karibu na tangi la maji. Nikamuuliza mama anaendeleaje, hilo likiwa neno langu la kwanza, nilikuwa nimelishika njiani tangu Muleba. Akasema ametoka hospitali, yuko nyumbani, anakunywa supu. Nilifurahi kweli. Siyo furaha ya mkakati.

Akasema bado ana hasira na mimi. Lakini tulitafuna, na kilichotafunwa hakirudi. Kesho alfajiri wanaondoka yeye na Riyadhi. Mjomba Nathanieli hataki simu janja kwenye mtumbwi, mwaka jana mbili zimeliwa na ziwa. Mtu akisafiri, mali yake huachwa kwa mukago. Akatoa simu yake mfukoni, akanikabidhi. Akanipa na namba ya siri.

Aliomba mambo mawili. Niitunze isiishiwe chaji. Na nisiandike kitu.

Macho yalijaa machozi, nikasingizia moshi wa jikoni. Mtu niliyemfanyia vile amenipa simu yake mkononi. Nimemwapia. Nimejiapia na mwenyewe. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine, na simu nimeifunga kwenye fulana safi chini ya godoro. Celina sijamwambia. Hii ni baina yangu na mukago wangu.

Jumatatu, 22 Juni

Jana sikuiwasha kabisa, isipokuwa kutazama chaji. Chaji huwezi kuitazama bila kuiwasha.

Leo niliiwasha kutazama chaji, nikajikuta ndani ya kundi. Kundi limepoa, admin hayupo. Watu wanauliza kama wamefika salama. Nikaona ni ukatili kuwaacha na wasiwasi. Nikaandika, kwa jina la Byarugaba, maneno machache tu: Tumefika Goziba salama. Ila ningefurahi zaidi kama Ones angekuwa hapa.

Mioyo kumi na minane! Kwa sentensi moja! Sasa naelewa kwa nini watu wanapenda kuwa Byarugaba.

Alistidia akaomba picha ya kisiwa. Nikachukua dagaa watatu jikoni, nikawapanga juu ya meza, nikapiga picha kwa karibu. Mioyo tisa. Nikaona niendelee kidogo kwa faida ya kundi. Nikatangaza kwamba kuanzia leo Ones ni admin msaidizi, kwa sababu ya uaminifu wake.

Halafu ikaingia meseji ya mama yake Byarugaba, anauliza mwanangu umekula. Huyu sikutaka kumdanganya, ni mgonjwa. Nikamjibu kwa kifupi: Nimekula Mama. Ones alinisaidia sana kufunga mizigo, ni kijana mzuri. Akajibu kwamba ajabu, sasa hivi tu amezungumza na mwanawe kwa simu ya mjomba, na mwanawe alikuwa anasema hajala.

Nikaizima simu. Nikakaa. Nikatafakari mwenendo wangu wote kwa kina, pengine dakika tano, tumbo likiunguruma. Ni maparachichi ya jana. Nikaona kosa langu liko wapi: nimewaandikia watu wengi mno. Mambo ya siri huandikiwa mtu mmoja, mtu ambaye hatauliza maswali.

Nikaiwasha tena. Nikajiandikia, kutoka kwa Byarugaba kuja kwenye namba yangu: Ones, huku hakuna raha bila wewe. Riyadhi anakoroma. Nilifanya haraka kukasirika pale Ijumbi. Wewe ndiye rafiki yangu wa kwanza.

Haikupita muda Celina akaja jikoni na simu yangu, nikiwa kwenye vyombo. Akasema Byarugaba amenitumia meseji. Nikaendelea kusugua sufuria, nikamuuliza kwa sauti ya mtu asiyejali amesema nini. Akanisomea. Anasoma vizuri, huyu mtoto. Nikamwambia maji yalikuwa yanapiga kelele, arudie. Akarudia yote. Nikamwomba anisomee tena ile ya mwisho peke yake, akanisomea, nami nikaacha kusugua.

Akauliza tumjibuje. Nikajifuta mikono, nikafikiri kidogo, nikamwambia amwandikie kwamba nimemsamehe.